Vidole Vinne

Jioni nililinyanyua jembe la diski,
nikazima injini, nikachora mstari wa chaki
ukutani mwa ghala, sawasawa na ncha ya chini.
Asubuhi jembe lilikuwa chini ya chaki, vidole vinne.
Usiku kucha lilikuwa likishuka
kama mtu anayesinzia kanisani
akidhani haonekani.

Kaka yangu Chilongani aliniachia trekta hili
akaenda Geita kutafuta bahati.
Msemo wake ulikuwa mmoja: oili ni oili.
Leo ya injini, kesho ya gia,
mwaka ule wa ukame hata iliyomwagwa kwenye lori,
nyeusi kama chungu cha mlenda kilichosahaulika motoni.
Na trekta, dogo, la mtumba,
lenye maandishi ya Kijapani ubavuni,
lilikunywa yote bila neno.
Si kila anyamazaye ameridhika.

Nikachomoa kijiti cha kupimia, nikakiinua juani:
chai ya maziwa.
"Imelewa maji," alisema fundi Ndahani.
Akanusa. Akaisugua kati ya gumba na kidole cha shahada
kama mama anayepima unga.
"Na hii harufu ya kuungua, ni pampu yako inalia."

Kibaigwa, Novemba.
Upepo unabeba pumba kutoka sokoni hadi barabara kuu.
Mawingu yanakuja upande wa Kongwa, yanatutazama, yanarudi.
"Mbukwa, Sechelela," anasema Mbeleje dukani,
na mkono wake tayari uko kwenye bomba la pipa.
Ya kupima. Nusu bei. Wote wanachukua hii.
Kweli, wote wanachukua,
na kweli, ikifika Januari trekta za wote
zimelala katikati ya shamba, mikono chini,
mvua ikiwapita.

Lakini mimi nina kiganja kilichoandikwa.
Ndahani alisema, nami nikaandika kwa kalamu ya bluu:

trekta hili lina tumbo moja.
Oili inayonyanyua jembe ndiyo inayolainisha gia,
ndiyo inayopoza breki zilizozama humo
kama viazi kwenye mchuzi.
Ukitia ya haidroliki tupu, jembe litapanda,
ila breki zitapiga yowe
na gia zitatafunana.
Nzito mno, asubuhi ya Julai itagoma kupanda kwenye pampu.
Nyepesi mno, mchana kama huu itageuka maji.
Usisome picha ya dumu. Geuza. Soma herufi ndogo.

Nikageuza. Nikasoma.
Jasho lilikuwa limefuta nusu ya kiganja
lakini nusu iliyobaki ilitosha.
Dumu la njano, lita ishirini:
haidroliki, gia, breki za ndani, pamoja.
Magunia mawili ya alizeti yameingia humo,
na viatu vya shule vya Nyemo vitasubiri.
"Na filta," nikasema.
Mbeleje akanitazama
kama niliyeagiza jeneza la mbuzi.

Tuliimwaga ya zamani kwenye karai.
Ilichukua muda, ikitoka kwa uvivu, kwa kinyongo,
na ilipotulia tukaona chini chembe zinameta.
Nikamfikiria Chilongani, amechutama mahali huko Geita,
anazungusha mchanga na maji, anazungusha,
akitafuta mmeto kama huu;
na hapa, chini ya kiti chake mwenyewe,
chuma kilikuwa kikisagika kidogo kidogo,
kikimeta bure.

Jioni, chaki mpya.
Asubuhi, kidole kimoja.
"Hiyo ni sili, imechoka," alisema Ndahani akifuta mikono.
"Oili haifufui sili."
Kidole kimoja. Nimekubali.

Saa nne kaka akapiga simu. Mvua? Bado.
Trekta? Lipo.
"Umetia oili gani?"
Nikaliinua dumu, nikaligeuza,
nikamsomea herufi ndogo, zote, polepole,
mpaka salio lake likakata.