Fundi Saa wa Langoni

Famau, fundi wa saa, kibanda chake Langoni,
Nyota ikaja kung'aa, mkia wake angani,
Watu wakasema, "Baa! Kuna kafiri mjini!"
Yeye kimya akakaa, kioo chake jichoni.

Husema, "Mimi sijui, na ajuaye ni nani?
Nyota haina adui, haimjui jirani,
Na kiboko hakivui shaka iliyo moyoni.
Nikikosa, sisumbui: nikosee kwa amani."

Ramadhani ikafika, saa ya msikitini
Ikagoma kuzunguka; akaitwa wa Langoni.
Kwa kibano akashika kijigurudumu ndani.
Tukala tende, na shaka yake tamu mdomoni.

Mimi nilorusha jiwe, leo nauliza saa;
Hunitajia mwenyewe, dakika bila hadaa.