Kadi ya Dabo

Lebo za kijani, kukeni. Za manjano, kuumeni.
Nyekundu, waliobakiza mchango:
hao nawanong'oneza tu, wasije wakafedheheka.

Makorora, jenereta linakohoa,
natoboa kadi. Dabo, matundu mawili.

Akaja Bi Semkiwa na ya dabo, peke yake.
"Mzee bado anaegesha gari?"
"Mzee alilipa Januari.
Machi tukamzika Pongwe."

Katika orodha yangu hapana rangi ya jambo hilo.
Nikatoboa tundu moja, mkono ukaganda.
"Toboa na lake, mwanangu. Hakuacha deni."

Nikampa lebo mbili za manjano.

Baadaye, nimebeba kreti, nikapita meza ya saba:
kiti kitupu kimebandikwa lebo mgongoni,
na mbele yake soda,
imeshafunguliwa.