Tundu la Ufunguo

Brno, theluji dirishani. Ludmila Hroudová
yuko jikoni usiku, anamenya chungwa
ndani ya boksi la viatu lililofungwa:
vyuma viwili virefu, kioo, taa ya baiskeli.
Mumewe hali machungwa tena.

Mkutanoni maprofesa walicheka.
"Daktari mkubwa, mpasuo mkubwa," alisema mmoja.
"Wewe unachungulia matumbo ya watu kama mwizi mlangoni?"
Mwizi hodari, alijibu, havunji ukuta.

Wa kwanza alikuwa Koutný, dereva wa tramu,
nyongo imejaa mawe.
Matundu manne, hakuna lililozidi kifungo cha shati.
Saa tatu. Mara damu ikafunika kioo,
akasubiri, hakusema neno.
Siku ya kumi Koutný alipiga kengele ya tramu
chini ya dirisha la wodi
hadi muuguzi mkuu akamfokea.

Sasa ana miaka themanini na mbili,
chai humwagikia kisahani.
Wanafunzi huja kumuuliza alianzaje.
Huwaonyesha lile boksi.
Hawaonyeshi kovu lake mwenyewe,
la utotoni, toka kitovuni hadi kinenani,
nene kama kamba,
ambalo theluji ikikaribia
bado humwamsha.