Kifaa Hiki Kina Mwenyewe

Kimelala kiganjani kama kipande cha sabuni
kilichoogewa nusu mwezi.
Mgongoni, kwa kalamu ya kuandikia chupa za dawa:
MWAJABU, WODI 6.

Shangazi alikivaa chini ya sare, zamu za usiku, Temeke,
waya mmoja tu sikioni.
Sikio la pili aliwaachia wagonjwa.

Kompyuta iliyokuwa ikikilisha ilikufa maji
mwaka ule mvua ilipopanda hadi magodoro, kwetu Kijichi.
Nikakichomeka kwenye yangu.
Programu ya kampuni ikanikunjia uso wa karani:
Kifaa hiki kina mwenyewe. Nikifute, tuanze upya?
Ndiyo. Hapana.
Nikabonyeza Hapana. Ikauliza tena.
Nikabonyeza Hapana. Ikauliza tena,
kwa adabu ya mtu asiyekusudia kusikia.

Basi nikatafuta mlango wa uani.
Programu ya kwanza ilimeza bando la usiku kucha,
ikazihesabu nyimbo, ikazifunika, ikadai dola.
Ya pili iliyaona majina yote kuwa vijisanduku,
safu kwa safu, mashubaka matupu.
Ya tatu ilikuja na wageni wake:
siku mbili kompyuta iliweweseka
ikinitangazia dawa za nguvu za kiume
mbele ya mama.

Mbonea ana meza Mtaa wa Aggrey, chini ya ngazi,
pana kama sinia la pilau.
Alinisikiliza, bisibisi mdomoni.
"Hawa wanakuuzia nyumba, ufunguo wanabaki nao.
Lakini kuna watu, siwajui, hawanijui,
walikesha wakachonga mwingine
wakautundika barazani, apitaye achukue."
Akanitilia kwenye flashi.
Buku tano: ya flashi. Programu haina bei.

Sura yake mbaya, sitaficha.
Vitufe vya kijivu, Kiswahili cha mtu mwenye haraka,
palipotakiwa Nyimbo kaandika Wimbo Mengi.
Ila haikuuliza kifaa ni cha nani.
Ilifungua tu.

Elfu moja mia tatu na kumi na mbili.
Kampuni ilizipa majina ya herufi nne nne, kama mahabusu;
hii ikazirudishia ya kuzaliwa:
kaswida, taarabu za harusi tatu,
kwaya ya Walutheri wa nyumba ya pili,
na pembeni, safu ambayo sikuiomba:
Umepigwa mara.

Nikapanga kuanzia juu.

Wa kwanza: 611.
Dansi la zamani, lilelile
ambalo likisikika kwa jirani shangazi alifunga dirisha.
"Kelele za walevi," alisema,
na jina la yule bwana halikutajwa.
Mara ya mwisho: saa tisa na robo usiku,
wiki moja kabla hajalazwa
wodi aliyoifagilia macho miaka kumi na tisa.

Kulikuwa na kitufe, Linganisha. Sikukigusa.
Nilinakili tu, mmoja mmoja,
Luku ikilia ukutani, uniti mbili, moja nukta nne.
Kisha nikachomoa waya
nikajaribu wimbo ule, kwa sikio moja.
Katikati, pale gitaa linapojibizana na lenzake,
nikazima.

Asubuhi nikachomeka tena, nitazame.
Mia sita na kumi na moja.
Kumbe hauhesabiwi
mpaka uufikishe mwisho.