Sauti ya Kuazima

Chumba changu cha kazi ni kabati la nguo,
Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani.
Godoro la sufi limeziba dirisha,
kanga za shangazi zimening'inia kushoto na kulia
zimeze mwangwi.
Nazima feni. Nazima friji.
Natafuna embe bichi ili ulimi usinate,
navua bangili, nasema:
Sura ya nne.

Na jogoo wa Mzee Sekiteke naye anasema lake.

Wa kwanza kunishinda alikuwa mwanamume.
Nilimpa besi, nikakwaruza koo siku mbili,
akatoka kama mtoto ndani ya viatu vya babake.
Kumbe mwanamume hakai kooni,
anakaa katika kukawia kwake kujibu.
Nikamcheleweshea jibu. Akasimama.

Mpagazi wa Lushoto nilimwachia Kisambaa chake
kipite chini ya Kiswahili
kama jiwe chini ya maji.

Mtoto wa ukurasa wa mia mbili na kumi
alikufa mara nne:
ya kwanza ilipita bodaboda,
ya pili tumbo langu liliguruma,
ya tatu nililia.
Ya nne nilisoma kikavu, nikaiacha hiyo.
Kulia ni haki ya msikilizaji.

Lakini Bi Sitawa, mama mkwe wa kitabuni,
mwenye kuhesabu vijiko kila mkwewe akitoka jikoni,
huyo nilimwazimia sauti bila kuomba.
Nilikwenda kwa Bi Mwanahija muuza bajia,
nikachukua msonyo wake unaotangulia sentensi,
nikachukua na ile "mie sisemi, naangalia tu,"
nikaja navyo kabatini.

Jana alasiri tulikuwa uani tukichambua mchicha,
simu juu ya ndoo iliyopinduliwa,
Bi Sitawa anahesabu vijiko.
Bi Mwanahija akapita na sinia. Akasimama.
Akasonya.
"Mwanamke gani huyu? Mie sisemi, naangalia tu,
ila huyu hana haya!"
Wasichana wakauma kanga.
Mie nikachambua upya mchicha uliokwisha kuchambuliwa.

Kisha akatua sinia, akaketi kwenye kinu,
akauliza, sauti imeshuka,
sauti ambayo sikuwahi kumwibia:
"Na mwishowe anabaki na nani?"

Sikumjibu.
Sura ya kumi na moja sijaitia kwenye kinasa.
Naijua: mlango umefungwa kwa ndani,
vijiko vyote vimetimia.

Usiku nikazima feni.
Mwandishi ameweka nukta, hakuweka pumzi,
na kati ya nukta na nukta hapo ni pangu.
Nilimsomea Bi Sitawa jioni yake
kwa ile sauti iliyoulizia kinuni.
Neno sikubadilisha hata moja.

Asubuhi nilinunua bajia za elfu, sikudai chenji.
Bi Mwanahija akanitazama,
akasonya,
nami nikasikiliza vizuri.