Kona ya Nne

Usifungue.
Bisimwa, toa mkono kwenye kifuniko.
Mvuke hauna jamaa: Kadutu nzima
inamjua baba yako mdogo kwa shavu lake.
Kalia tairi hilo. Kunywa chai.
Chuma nacho kikikasirika hakibembelezwi,
kinaachwa.

Halafu usinieleze ulichoambiwa,
nieleze ulichoona.
Inachemka wapi? Mjini, ikisimama kwenye msongamano?
Hapana.
Asubuhi, ukiiwasha tu?
Hapana, fundi, ni Ngomo. Kutoka Kamanyola haina neno,
kwenye tambarare inateleza. Tukianza kupanda,
magunia ishirini ya mchele mgongoni,
kona ya nne, sindano inaondoka.
Inaruka au inatambaa?
Inatambaa.

Afadhali inayotambaa.

Navuta kijiti cha oili: nyeusi,
nyeusi ya haki, si chai ya maziwa.
Basi kichwa cha injini ni kizima,
Mama Cibalonza hatauza ng'ombe wiki hii.
Feni naisukuma kwa kidole, inanikatalia kidogo. Vizuri.
Mkanda umekaza. Mpira wa chini haujanywea.
Themostati je?
Fundi wa Nguba aliitoa, alisema ndiyo mchawi.

Mchawi!
Hii Landikruza imekatwa kimeo
kwa kikohozi cha mwingine.

Washa. Iache ingurume.
Naweka kiganja kwenye rejeta, nakihamisha
taratibu, vidole vikisoma mapezi yaliyopinda:
juu moto, kushoto moto,
kulia moto wa kuvumilika,
na hapa katikati, kushuka chini,
upana wa sahani,
baridi.
Njoo uguse. Gari linatokota
na hapa ni sakafu ya kanisa asubuhi.
Maji hayapiti. Siku zote mnatafuta palipo moto,
nani aliwafundisha?

Tukaishusha rejeta. Nikayeyusha risasi,
nikavua tangi la juu kama kofia ya marehemu.
Mirija, zaidi ya nusu, imeziba:
kutu, ndiyo,
na tope la Ruzizi, miaka na miaka ya vidumu vya njiani.
Lakini chini ya kutu kuna kitu cheupe,
kigumu mithili ya chokaa.
Nikakwangua kwa msumari.
Nikanusa.

Nini, fundi?

Unga wa muhogo.

Miaka kumi na minne. Kona ileile.
Mvua, jiwe, na tundu la kuingia kidole
kwenye rejeta hii hii. Mimi nilikuwa utingo,
suruali moja, maarifa ya kusikia.
Nyuma, juu ya magunia, mwanamke ameshikwa na uchungu,
dereva anasali kwa Kishi na kutukana kwa Kifaransa,
na lile giza la Ngomo
ambalo hata mlevi haimbi ndani yake.
Risasi hatukuwa nayo. Fufu tulikuwa nayo.
Nilikoroga konzi mbili, nikamimina,
ukavimba, ukashika.
Tuliingia Bukavu jogoo wa kwanza.
Mtoto alizaliwa, niliambiwa. Jina sikuuliza.

Ilipasa kesho yake niifungue, niisafishe.
Kesho yake nililala.
Keshokutwa gari lilikuwa linakwenda,
na gari linalokwenda nani analifungua?

Haya niliyasema kimoyomoyo.
Kwa sauti nilisema: Andika.
Kusafisha mirija, fimbo ya shaba. Risasi.
Themostati mpya, na safari hii msiitoe.
Maji yaliyochemshwa, si ya mtoni.
Kazi ya mikono,
hapo weka mstari.

Mstari, fundi? Bila bei?
Weka mstari, Bisimwa.

Saa saba Nabintu akatuletea chakula,
fufu ya moto chini ya kitambaa, na sambaza za ziwani.
Nilinawa mara mbili.
Weupe ule ulibaki chini ya ukucha,
nikala nao.