Namba, Tafadhali

Saa kumi na mbili na robo, kabla kiwanda hakijanimeza,
simu inatetemeka kwenye mfuko wa ovaroli:
148 kwa 91. Mapigo 84.
Hamna shikamoo humo, hamna umeamkaje mwanangu.
Ni damu ya mama yangu tu, imegeuzwa tarakimu,
imetoka Makorora ikapita hewani,
juu ya mabati, juu ya baiskeli za Ngamiani,
ikanifikia Pongwe bila kutoka jasho.

Si mbali. Pongwe na Makorora si safari.

Kile kikanda alikileta Nesi Zuhura Mhina
baada ya mama kuanguka uani na ndoo ya maji.
Akamfunga mkononi, akamwelekeza: kaa, nyamaza,
miguu isipishane, bonyeza hapa.
Kikavimba, kikamkaba, kikashusha pumzi.
Mama akauliza, "Na waya wake uko wapi?"
"Hauna waya, Bi Mwanasha."
"Kisicho na waya nani anakiunganisha?"

Maana mwanamke huyu alikaa miaka kumi na tisa
Posta ya Tanga, chumba cha juu, mbele ya ubao wa matundu,
akichomoa, akichomeka.
Namba, tafadhali. Subiri, Korogwe. Ongea, Lushoto.
Mkonge wote ulipita vidoleni mwake,
misiba, posa, bei ya tani,
na hakuwahi kusikiliza ya watu, anaapa.
Anaapa huku anacheka.

Basi tukajifunza lugha ya kikanda.
Namba ikipanda napiga: Mama, ng'onda tena?
Vidonge umemeza? Chumvi, mama, chumvi!
Ikishuka namshukuru Mungu, narudi kwenye mashine.
Nikaona ndiyo kulea mzazi.
Nikamtambia hata fundi mwenzangu:
mimi mama yangu namwona kila siku.

Juzi Nesi Zuhura akanipigia mwenyewe.
"Nimezipanga za miezi mitatu," akasema.
"Inapanda, unapiga, inashuka.
Unanyamaza, inapanda.
Dawa ni zilezile, hajaruka hata kidonge, nimevihesabu."

"Anafanya makusudi?"

Akakaa kimya. Nyuma yake niliisikia Bombo,
toroli la chuma, mtoto anakataa sindano.
"Semkiwa wa jirani anasema humwona alfajiri
akizunguka nyumba mara saba ndipo akifunge.
Lakini mtoto yule naye mwongo.
Na moyo, kaka yangu, hauhitaji kuzunguka nyumba."

Sikujua nicheke au vipi.
Vumbi la saruji lilinikaa kwenye kope.
Niliuwaza mkono wake, ule wa kuchomeka,
bado unajua tundu lipi linakwenda wapi:
umekosa waya, ukatumia mshipa.

Leo: 126 kwa 78. Mapigo 70.
Namba njema. Namba ya kutopiga.

Nikapiga.
Ikaita mara sita.
"Kuna nini? Namba imeharibika?"
"Haijaharibika. Nzuri sana."
"Sasa wapigia nini, na salio lilivyo ghali?"
Sikuwa na jibu, nikamuuliza anapika nini.
Akanieleza. Akaeleza na bei ya nazi,
na shemeji yake wa Muheza aliyenunua ng'ombe kipofu,
na bomba lililopasuka, na waliolitazama likipasuka.
Dakika kumi na moja. Msimamizi alinitolea macho mara mbili.
Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa nyembamba, ya kazini,
sauti ya msichana mwenye ubao mbele yake:
"Muda wako umekwisha, Pongwe.
Unaongeza?"